Motere kubwa: tuhesabu mbele ya kulipa

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo moja lenye kuleta maneno katika nyumba nyingi zenye motokari. Baba anarudi toka garaje na kusema: "Motere yetu iko kidogo. Ku mulima inashindwa, bengine banatupita. Kuko motere ya mukubwa pa Kasumbalesa, bei iko muzuri." Mama anaacha kuchagua mchele, anamwangalia, anauliza: "Na minervali ya batoto je?" Kiisha kila mmoja ananyamaza na mawazo yake.

Si jambo la kuchekwa. Kwetu motokari, hasa Hiace ya kubeba watu, mara nyingi njo shamba la jamaa. Asubuhi inatoka, mangaribi inarudi na bunga, na dawa, na feza ya masomo. Ikilala garaje mwezi mzima, shamba limesimama. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi, kila mtu na feza yake mkononi. Feza ya namna ile inakuja mara moja. Ikiingia mahali pabaya, hairudi tena. Basi mtu aliye na feza ya dekonti, ao ya likelemba, ao ya mahindi aliyouzisha, anapashwa kuuliza vizuri mbele ya kuigeuza kuwa motere.

Nitachukua mfano wa Hiace ya mazutu, kwa sababu tunaijua sana. Mwenye Corolla ya esanse atapata neno lake pia.

NGUVU ILIKWENDA WAPI?

Ulizo la kwanza haliko "Nitie motere gani?" Ulizo la kwanza ni hili: siku uliponunua motokari hii, ilipanda mulima ule ule bila shida? Kama ilipanda, basi motere haiko ndogo. Imechoka, ao kuko kitu kinachoizuia.

Angalia kwanza vitu vya bei ndogo. Filtre ya hewa iko mbele ya vyote. Wakati wa kiangazi, malori ya mgodi yanaacha vumbi hewani tangu asubuhi mpaka usiku. Filtre ambayo ingedumu miezi mingi katika mji wenye lami, kwetu inajaa upesi sana. Motere isiyopumua haiwezi kuvuta. Kiisha fungua filtre ya mazutu, uondoe maji yaliyokaa chini yake. Mazutu inayouzishwa katika mabido kando ya njia mara nyingi iko na maji na mchanga.

Tena inua motokari, uzungushe gurudumu kwa mkono. Kama linakataa, ni kusema freni inashika hata wakati haukuikanyaga, na motere inavuta motokari pamoja na freni yake. Angalia ambreyaje nayo: ikiteleza, motere inalia sana lakini motokari haiendi.

Moshi nao unasema. Moshi mweusi: mazutu ni mingi ao hewa ni kidogo. Moshi wa bluu: mafuta ya motere yanaungua ndani. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto: mazutu haiungui vizuri, ao maji yanaingia katika silinda.

Mwisho, omba mekanisiye apime kompresio ya kila silinda. Kwa motere za Toyota za jamaa ya L, yaani 2L, 3L na 5L, motere nzima inatoa karibu bari 31. Ikishuka chini ya bari 20, ao silinda moja ikiachana na nyingine kupita bari 5, motere imezeeka kweli. Kazi hii ni ya asubuhi moja. Mtu anayekuambia ununue motere nyingine bila kupima ile uliyo nayo, usimpe feza yako upesi.

HEWA YETU YA JUU

Kuko jambo lingine ambalo watu wengi hawalifikiri. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1,400. Huku juu hewa ni nyepesi. Pa Kolwezi, hewa inayoingia katika silinda inapungua karibu sehemu 13 katika 100 ukiilinganisha na mji wa pwani kama Dar es Salaam. Motere isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kipimo kile kile, hata kama ni mpya.

Sasa tuhesabu. 2L ni motere ya cc 2,446. 3L ni ya cc 2,779. Tofauti ni cc 333, ni kusema karibu sehemu 14 katika 100. Basi ukiondoa 2L na kutia 3L pa Kolwezi, utavuta karibu sawasawa na vile 2L ingevuta pa Dar es Salaam. Ni faida, ndiyo. Mtu anayepanda mulima kila siku ataisikia. Lakini umerudishiwa tu kile ambacho mulima ulikuwa umekunyanganya. Usingojee zaidi, na usimwahidi mama zaidi.

Wengine wanachukua njia ya mkato: wanafungua vise ya pompi ili mazutu iingie mingi. Lakini hewa haikuongezeka. Mazutu isiyopata hewa inatoka kama moshi mweusi, motere inapata joto kali, na kulasi, kile kichwa cha juu cha motere, inaweza kupasuka. Mjue pia kwamba huku kwetu maji yanachemka mapema: pa Kolwezi ni karibu digrii 95, si 100. Ndiyo sababu kifuniko cha radiatere kinachofunga vizuri ni cha lazima sana. Kifuniko kibovu cha bei ndogo kimeua motere za bei kubwa.

FUATA FABRIKA

Kama umepima na umeona motere ya zamani imekufa, ao kama kazi yako kweli inaomba nguvu zaidi, njia ya salama ni kufuata fabrika yenyewe. Uliza: motokari kama yangu, Toyota yenyewe iliiwekea motere gani?

Hiace za H100, zilizoanza kutoka mwaka 1989, zilipata 2L, na 3L, na kiisha 5L ya cc 2,986. Hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja. Mahali pa kushikia buate ya vitesi na mahali motere inapokaa vinalingana mara nyingi, na kazi inaweza kufanyika bila kukata chuma. Lakini hata ndugu wa tumbo moja hawavai kiatu cha namba moja. Motere iliyotoka katika Hilux mara nyingi iko na karteri ya mafuta ya umbo lingine. Itakupasa kutwaa ile ya Hiace yako na kuihamisha. Angalia upana wa ambreyaje. Na 3L iende na pompi yake mwenyewe. Kumwekea mtu mzima sahani ya mtoto haifai.

Njia inakuwa ngumu ukitoka katika jamaa ile. 1KZ-TE ni ya cc 2,982, namba yake iko karibu na 5L, lakini ni kabila lingine. Iko na turbo, na pompi yake inaongozwa na umeme. Inaomba kompyuta yake, nyuzi zake, buate yake na radiatere kubwa. Kama mwenye kuuzisha hatoi vyote pamoja, umenunua nusu ya kitu, na ile nusu nyingine utaitafuta mwaka mzima. Na ile 1HZ ya cc 4,164 tunayoiona katika Land Cruiser za kampuni za mgodi? Ni silinda 6 katika mstari mmoja, ndefu na nzito. Hiace haina nafasi yake. Tena motere ya kampuni inayokuja kwako usiku bila karatasi, ndugu, usiiguse hata kwa kidole. Baba mmoja akifungwa, nyumba nzima imefungwa.

Kwa wenye Corolla, hesabu ni ile ile. Corolla E100, iliyoanza mwaka 1991, ilipewa motere nyingi, kati yao 4E-FE ya cc 1,331, 5A-FE ya cc 1,498 na 4A-FE ya cc 1,587. Kutoka 5A kwenda 4A ni kubaki nyumbani. Kutoka 4E kwenda 4A ni kuhama nyumba: utabadilisha vishikio vya motere, buate na nyuzi. Mara nyingi ni afazali kuuzisha motokari ile na kuongeza feza kidogo upate nyingine iliyozaliwa na motere unayoitaka.

FRENI HAZIKUONGEZEKA

Hapa naomba kila shofere asome polepole, na mama asome naye.

Motere kubwa inasukuma motokari, lakini haiisimamishi. Freni ni zile zile za zamani, matairi ni yale yale. Motokari inayokimbia 100 inabeba nguvu ya mwendo zaidi ya mara moja na nusu kuliko inayokimbia 80. Toka 80 mpaka 120, ni zaidi ya mara mbili. Na njia inayohitajika kwa kusimama, tangu freni zinaposhika, inarefuka vile vile. Kati ya Lubumbashi na Likasi ni karibu kilometa 120. Wote wanaoipita wanajua vitu tunavyokutana navyo usiku: lori la shaba limeharibika bila taa, vijana na baiskeli za makala, watoto wa masomo wakirudi nyumbani. Hakuna mtu anayewaona mapema zaidi kwa sababu ametia motere kubwa.

Tena kuko jaribu la kupakia. "Sasa iko na nguvu, tuongeze batu." Lakini Hiace ilifanywa kubeba karibu tani moja. Watu 18 wa kilo 65 ni kilo 1,170, mbele ya kuhesabu mifuko ya bunga juu ya paa. Motere haikuongeza nguvu ya ressort, wala ya ekseli, wala ya tairi la nyuma lililovaliwa. Kama sababu yako ya kutaka motere kubwa ni kupakia kupita kipimo, ujue unanunua hatari kwa watoto wa wengine.

Kwa hiyo nasema hivi: anayebadilisha motere abadilishe na vipande vya freni siku ile ile, aangalie diski na tamburi, mafuta ya freni yawe mapya, na matairi yawe mazima. Kama feza haitoshi kwa freni, haitoshi kwa motere.

HESABU YA MEZANI

Sasa tukae mezani, baba na mama, karatasi na biki. Watu wengi wanaandika mstari mmoja tu: bei ya motere. Mistari iko mingi zaidi.

Mstari wa kwanza ni motere yenyewe. Wa pili ni kuileta: motere za zamani za Japani zinaingia kwa bandari kama Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia, zinafika Kasumbalesa, na kila mkono unaoigusa unaomba sehemu yake. Wa tatu ni mkono wa mekanisiye. Wa nne ni vitu vidogo: kuruwa, mafuta, filtre, mipira ya maji, vishikio. Wa tano ni freni tuliyoisema.

Mstari wa sita unasahauliwa sana: siku za kukaa bila kazi. Tuseme motokari inaleta nyumbani dola 25 kwa siku, na garaje inaomba majuma mawili. Siku 12 za kazi ni dola 300. Hautazilipa kwa mekanisiye, lakini zitakosekana katika sufuria.

Mstari wa saba ni mazutu, na huu hauishi. Tuseme unatembea kilometa 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni kilometa 3,900. Kama motere ya zamani ilikunywa litre 10 kwa kilometa 100, na mpya inakunywa 11 na nusu, utaongeza karibu litre 58 kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu litre 700. Zidisha kwa bei ya mazutu ya leo pa stasyo yako. Kiisha uulize: je, nguvu hii itaniletea safari zaidi zenye kulipa litre zile? Kama njia yako ni ndani ya mji, toka soko mpaka site, kusimama na kuondoka, jibu litakuwa hapana mara nyingi. Kama unapanda Likasi–Kolwezi na mizigo halali, jibu linaweza kuwa ndiyo.

Jumlisha mistari yote. Ukiisha kujumlisha, weka kando theluthi moja zaidi. Motere ya zamani ikitoka, ndipo mnaona shasi iliyopasuka, bomba lililooza, buate inayolia. Anayeanza kazi hii akiwa na feza ya motere tu, ataacha motokari yake juu ya mawe, na majani yataota chini yake. Kila mtaa wetu uko na moja ya namna ile.

LINI NDIYO, LINI HAPANA

Sema ndiyo kama mambo haya yanaonekana pamoja: motere ya zamani imepimwa na imekufa, bei ya kuifungua na kuitengeneza inakaribia bei ya ile kubwa ya jamaa yake, bodi na shasi ni nzima, kazi ya kulipa mazutu iko, na feza haikutolewa katika masomo wala katika dawa.

Sema hapana kama sababu ni kupitwa njiani. Sema hapana kama ni deni la mkopeshaji wa feza mwenye kuomba mara mbili. Sema hapana kama shasi imekula kutu. Na sema "bado" kama haujabadilisha filtre.

UKIISHA KUSEMA NDIYO

Nenda na mekanisiye wako mwenyewe, si wa mwenye kuuzisha. Zungusha motere kwa mkono; isipozunguka, uiache. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona ute mweupe kama maziwa, maji yaliingia. Angalia kama namba ya motere inasomeka vizuri na haikukwaruzwa. Kama inaweza kuwashwa, iwashwe ikiwa baridi. Motere iliyopashwa moto mbele ya wewe kufika inaficha ugonjwa wake. Pima kompresio, kwa vipimo vile tulivyoandika.

Kuruwa ya ndani, ile ya distribisyo, ibadilishwe mbele ya motere kuingia. Toyota inaipa kilometa 100,000, lakini motere ya okazyo haujui ilitembea ngapi. Ikikatika njiani, vali na pistoni vinagongana, na feza yako yote imekwisha kwa sekunde moja.

Omba karatasi ya mauzo yenye jina, tarehe na namba ya motere. Angalia karte roze yako na asiransi yako. Yaliyoandikwa juu ya motere yafanane na motere iliyo ndani. Ulizia mambo haya katika biro zao mbele ya kazi, kwa sababu siku ya aksida haiko siku ya kueleza.

Na wakati imeingia, majuma ya kwanza iende polepole. Angalia maji na mafuta kila asubuhi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Motokari yetu ilikuwa na nguvu hii tangu mwanzo, ao ilipungua? Tulipima nini?
2. Tunataka nguvu zaidi kwa kazi gani, na kazi ile inaleta feza ngapi kwa mwezi?
3. Motokari ikisimama majuma matatu, tutakula nini?
4. Freni zetu zilibadilishwa lini?
5. Kama tungekuwa na feza hii bila motokari, tungeifanyia nini?

Baba, usijibu peke yako. Mama, usikatae mbele ya kusikia vipimo. Watoto wakubwa wanaweza kufanya hesabu ya litre; ni zoezi zuri kuliko lile la kitabu. Na shofere, kama si mwenye motokari, muulizeni naye, kwa sababu mguu wake njo unakanyaga freni kila siku.

Mbaki na amani. Tuonane mwezi ujao.